Babu wa Miezi Kumi

Mkoba wa Esteria ulikuwa na kengele ndogo, kikombe chekundu cha plastiki, kipande cha kanga na chupa ya maji ya sabuni ya kupulizia povu. Kwa vitu hivyo alipima watoto kwenye zahanati iliyo juu ya mashamba ya chai, upande wa Bulwa. Hakupima uzito, huo ulipimwa chumba cha pili. Yeye alipima namna wanavyozungumza kabla hawajajua kuzungumza. Mtoto anakutazama machoni? Ananyoosha mkono kuomba? Akiitwa, anageuka?

"Serikali inamlipa dada apulize povu," Glory alisema kwenye benchi la kusubiria, mwanawe akinyonya, "na sisi wachuma chai migongo inatuuma bure."

"Njoo upulize wewe," Esteria alimjibu. "Kupuliza si kazi. Kazi ni kunyamaza baadaye."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipuliza mara moja, akafunga chupa, akangoja mtoto aombe kwa njia yake. Kungoja alikuzoea tangu zamani. Mdogo wake, Fanueli, hakuwahi kugeuka alipoitwa. Walisema ni mkaidi, na kwa ukaidi huo alichapwa mpaka akafika umri wa kuanza shule, ndipo ikajulikana kwamba hasikii. Esteria alipochagua kusomea kazi hii, nyumbani hakuna aliyemuuliza sababu.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado haujaondoka madirishani alipoingia Mwanamisi, mama kijana, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Mtoto anaitwa nani?"

Mwanamisi alimpa kadi ya kliniki. Nassoro, miezi kumi.

"Nesi mwingine alimwita, hakugeuka," alisema akimfungua mtoto. "Majirani nao wanasema ni mzito. Nimeambiwa leo akishindwa tena, nimpeleke Tanga akapimwe masikio."

Esteria alimkalisha mtoto mkekani, akampa kikombe, akaenda kusimama nyuma yake.

"Nassoro!"

Mtoto aliendelea kugonga kikombe.

"Nassoro! Nassoro!"

Kikombe tu. Kisogo kile kidogo alikuwa amekiona zamani, kwao.

"Mwite wewe, mama."

Mwanamisi aliinamisha uso.

"Mama, mwite."

"Siwezi, nesi."

"Huwezi vipi kumwita mwanao?"

Mlango ulikuwa wazi. Glory akaangua kicheko kule kwenye benchi. "Eee, dada! Unataka mwenzetu amtaje baba mkwe wake mbele za watu?"

Esteria aliona haya. Alizaliwa milima hii hii, na mama yake alizeeka bila kulitamka jina la mkwewe. Lakini chuoni walifundishwa kumwita mtoto kwa jina lake, naye akaita.

"Nyumbani mnamwitaje?" aliuliza kwa upole.

"Mimi namwita babu, maana ndiye wajina wake. Baba yake anamwita baba."

"Basi mwamkie kama mnavyoamkiana nyumbani."

Mwanamisi alirudi nyuma hadi mlangoni, ambako mtoto hakuweza kumwona. "Babu," alisema polepole. "Shikamoo, babu."

Kikombe kilianguka. Mtoto aligeuka mwili mzima, akautafuta uso wa mama yake, na alipoupata akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kama mzee anayepokea salamu.

"Marahaba, mkwe!" Glory alimwitikia kutoka nje, na benchi zima likacheka. Mwanamisi alicheka pia, huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Esteria alipuliza povu, akafunga chupa, akanyamaza. Mtoto aliitazama chupa, akamtazama yeye, akaitazama chupa tena.

"Anasikia," Esteria alisema. "Na kuomba anajua. Nenda nyumbani, mama."

Jioni alipitia karakana ya useremala ya Fanueli. Alimkuta anapiga randa, amempa mgongo, maranda yamemfunika miguu. Esteria hakumwita. Aligonga ubao wa sakafu kwa kisigino, kama alivyofanya tangu wakiwa wadogo, akangoja.

Fanueli aliacha randa, akageuka, akautafuta uso wake.