Mkono wa Pa, Mkono wa Ba

Mwalimu Gitau alikuwa na sheria moja: hupigi ngoma kabla ya kulitamka pigo kwa mdomo. Pa ni mkono wa kulia, ba ni wa kushoto. Kwa miaka tisa aliifundisha hivyo bendi ya shule hapa Waberi, akianza na watoto waliogonga jerikeni.

Kwa kupiga ngoma, Fardosa aliwapita wote. Wiki ya gwaride la Madaraka, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake awatangulie kutamka peke yake.

"Sema pa."

"Ba."

"Unanichezea?"

"Wallahi mwalimu, si nimesema? Ba."

"Mwalimu, hata babake akitaka kusema polisi husema bolisi," mwenzake Dahabo akadakia, na bendi nzima ikacheka.

Gitau alidhani anachekwa yeye. Alimnyang'anya Fardosa vijiti, akamfukuza. Mikono ya msichana haikuwa imekosea hata pigo moja. Ulimi wake wa Kisomali ndio usiokuwa na pa, na mwalimu, aliyezoea kuwasikia wakitamka kwa pamoja, hakujishughulisha kuuliza.

Fardosa hakurudi. Wenzake wote kumi na mmoja, waliojua hakuwa na kosa, walimfuata. Gwaride lilipita bila ngoma, na tangu siku hiyo Gitau hana mwanafunzi hata mmoja.