Eksi kwenye Mlango wa Stoo Yangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Maneno hayo niliyasema kila mahali huku Karagwe, kuanzia Kimuli mpaka Mabira, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Shule nilisoma miaka miwili tu chini ya paa la nyasi. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe. Nilianza kwa kubeba kahawa ya watu kichwani, na nilipofika umri wa kuitwa mzee kwa heshima, nyumba yangu ilikuwa ya bati, nilikuwa na stoo yenye mlango wa mbao nzito, mizani ya sahani mbili, na baiskeli.

Hiyo baiskeli niiseme vizuri, maana kisa chote ni chake. Wanunuzi wengine wa kahawa walitembea kwa miguu. Mimi wakulima wa Kibingo walinisikia kengele kabla hawajaniona, na mwenzangu akifika kwa jasho lake anakuta nimekwishapima, nimefunga magunia, nimeondoka. Ukiniondolea baiskeli wakati wa msimu, umeniondolea miguu na mdomo.

Ilikuwa Jumapili, miaka ile ya hamsini mwanzoni, na kesho yake ndiyo ununuzi unafunguliwa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja kumsalimu dada yake. Yeye mwalimu wa shule ya misheni kule Muleba, kijana mwembamba mwenye koti na saa ya mkononi. Mimi na yeye tulitaniana tangu siku ya posa. Tulikuwa tumekaa mbele ya stoo na jirani yangu mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, tunakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye jirani anakunywa chai yake. Nikarudia msemo wangu kwamba hakuna cha kunishangaza.

"Shemeji," akasema yule mwalimu, "wewe hushangai kwa sababu hujatoka Kimuli."

"Nimetoka. Nimefika Bukoba, nimeiona meli."

"Ukaionaje?"

"Kubwa. Basi. Sikushangaa."

Jirani akacheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu akasimama, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika kwenye mlango wa stoo yangu bila ruhusa. Alichora mstari, juu yake akaweka kundi la alama, chini yake kundi jingine. Akanisomea kwa kidole. Juu: eksi mara eksi, ongeza eksi tano, ongeza sita. Chini: eksi mara eksi, ongeza eksi mbili.

"Eksi ni namba yoyote utakayoipenda wewe," akasema. "Za juu ni punje za kahawa. Za chini ni watu wanaogawana hizo punje sawasawa. Hesabu ni ndefu. Nifupishie, bila kubadili fungu la mtu."

Loo, nikaona ni jambo dogo! Mtu aliyeshika mizani miaka yote hiyo hafundishwi kufupisha. Kwenye mizani yangu, nikiweka gunia tupu sahani hii na gunia tupu sahani ile, halafu nikayaondoa yote mawili, mizani haina habari. Nikalamba kidole gumba, nikafuta eksi mara eksi ya juu, nikafuta eksi mara eksi ya chini.

"Tayari. Nyepesi, na haijabadilika."

"Umeiua, shemeji."

"Nimeiua? Wewe lete yako."

Mke wangu alikuwa ametuwekea kikapu cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa kila mgeni. Mwalimu akachukua tunda moja, akalibana kwa kucha. Ganda likafunguka, zikatoka punje mbili zilizolaliana.

"Hesabu ya juu ni tunda," akasema. "Ukilifungua, ndani mna punje mbili zilizozidishana: ya kwanza eksi ongeza mbili, ya pili eksi ongeza tatu. Ya chini nayo ni tunda. Ndani mna eksi yenyewe, na eksi ongeza mbili. Umeona punje iliyoko juu na chini pia?"

"Eksi ongeza mbili."

"Hiyo ndiyo unaitoa, nzima. Wewe umebandua kipande cha ganda." Akaandika kilichobaki: juu eksi ongeza tatu, chini eksi. Basi. Kidude kifupi kama kidole.

Nikaona ananichezea mbele ya jirani. Nikamwambia nitampa namba itakayomuumbua, kidude chake kikose jibu la hesabu ndefu. Nikiipata, saa yake yangu. Nikiikosa, achukue baiskeli. Nililisema hilo kwa sauti, watu wa njiani wakasikia. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, kesho utakwenda na nini Kibingo?"

"Nitakwenda na baiskeli, na saa mkononi."

Nikataja mbili. Jirani akawa mwamuzi, akahesabu kwa buni juu ya jamvi. Hesabu ndefu ikatoa punje ishirini kwa watu wanane: kila mtu mbili na nusu. Kifupi cha mwalimu kikatoa punje tano kwa watu wawili: mbili na nusu. Cha kwangu kikatoa punje kumi na sita kwa watu wanne. Nne kila mtu!

"Bwana mkubwa," akasema jirani, "umefukuza wageni wanne na punje nne tu. Waliobaki wanavimbiwa."

Hapo nikaona kosa langu, maana hata mimi nimegawa vitu. Mizani hushindanisha uzito na uzito. Kugawa ni jambo jingine kabisa. Lakini kosa langu halikuwa dau. Dau lilikuwa kidude chake. Nikataja tatu. Mbili kila mtu, kote kote. Nikataja kumi, jirani akachoka kuhesabu: punje mia na hamsini na sita kwa watu mia na ishirini. Kila mtu moja, zikabaki thelathini na sita. Kwa kifupi, punje kumi na tatu kwa watu kumi: kila mtu moja, zikabaki tatu. Tatu kwa kumi, thelathini na sita kwa mia na ishirini. Mnunuzi wa kahawa haambiwi kwamba hayo ni sawa.

"Sifuri!" nikasema kwa ujanja.

"Punje sita, watu hakuna," akasema jirani. "Nimgawie nani?"

"Wagawie wale aliowafukuza baba watoto," akasema mke wangu.

"Hakuna watu, hakuna hesabu, si ndefu wala fupi," akasema mwalimu. "Taja nyingine."

Sikutaja. Niliinuka nikausogelea mlango; hata meli ya Bukoba sikuisogelea hivyo. Nilitazama zile alama chache za chaki. Namba nilizichagua mimi, kichwani mwangu, bila kumwambia mtu, na majibu yalikuwa yamekwisha kukaa mlangoni yakinisubiri. Ningetaja idadi ya buni zote za Karagwe, ambazo hakuna aliyezihesabu, kidude kile kingekuwa kinaijua. Nimepita juu ya namba maisha yangu yote kama mtu anayekanyaga majani, kumbe chini mna maji yanatembea.

Mwalimu akaitoa baiskeli ukutani, akaipanda, akapiga kengele.

"Shemeji, naondoka nayo kesho alfajiri. Au inunue. Mia mbili."

Kila mtu wilayani anajua sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Mke wangu alikuwa tayari ameshika kiuno akingoja nimshushe mdogo wake mpaka mia. Hata mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka, anangoja. Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa na kikapu cha akamwani, napasua tunda moja baada ya jingine.

"Mia mbili, sawa," nikasema. "Sasa niandikie lingine. Gumu kidogo."

"Chaki imekwisha, shemeji."

Nikamtuma jirani afungue duka alete chaki. Kwa hiyo, siku niliyoshangaa ilinigharimu shilingi mia mbili na senti hamsini.