Viatu vya Kunyatia

Katika kundi lao la watu kumi na wawili, hakuna aliyenunua viatu vya msituni bila kumwonyesha Solvej Brandstrup kwanza. Walimletea nyumbani kwake katika mji wa Hobro, wakaviweka mezani kando ya birika la kahawa, wakakaa kusubiri. Solvej alivigeuza, akaipinda soli kwa vidole gumba, akavitikisa karibu na sikio lake la kulia lililokuwa bora kuliko la kushoto. Kisha akatoa hukumu. Ilikuwa ama "Vinasema" ama "Havisemi", basi.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliifanya miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake kuhusu mashuka. Lakini siku nne za kila Agosti, katika msitu wa Rold, yeye alikuwa Ravna, mwizi na mpelelezi wa genge la rafiki yake Merete. Huko watu mia mbili huvaa kama watu wa miaka mia saba iliyopita, huitana majina mengine, hupigana kwa panga za sifongo na kula uji wa chungu kimoja. Watazamaji hawapo, na refa hayupo. Mlinzi wa ngome akisikia hatua za mtu anayenyata, humwelekezea mkono na kusema, "Nimekusikia." Aliyesikiwa husimama pale pale na kutoa mikono ifungwe. Asiposikiwa, anapita. Mchezo mzima umeegemea hapo, kwamba mtu atasema alichosikia.

Solvej alijifunza kunyata kabla hajajua kwamba kuna mchezo wowote. Mama yake alifanya zamu za usiku kwenye kiwanda cha nyama, akalala mchana, na nyumba yao ilikuwa ya mbao tupu. Akiwa na miaka saba alijua ubao gani unalia na ubao gani unanyamaza, na jinsi ya kuweka kwanza ukingo wa nje wa wayo, kisha kuulaza mguu taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Baadaye aliolewa, akaachika mapema, hakuzaa. Merete, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ndiye aliyemvuta msituni, mwaka Solvej alipotimiza thelathini.

Mwaka huo wa kwanza Merete alikuja na buti mpya, amejaa furaha.

"Shoga, zitazame. Zimenipendeza, hazijanipendeza?"

Solvej alizitikisa. "Zimekupendeza. Na msitu mzima utajua kwamba zimekupendeza."

"Una maana gani?"

"Bizimu hizi sita za kufungia ni kengele sita. Na soli hii ngumu ni ya mtu anayetaka kufunguliwa mlango."

"Mwanamke una maneno wewe! Haya, nivae nini? Soksi?"

"Kamba ya ngozi badala ya bizimu, ncha zake zichomekwe ndani. Ngozi ya kahawia, nyeusi inang'aa ikilowa. Soli nyembamba uweze kusikia kijiti kwa wayo kabla hakijavunjika. Na upake nta wiki moja kabla, ngozi kavu inalia kama mlango."

Vyake mwenyewe alivishona kwa mkono: viatu vya ngozi vinavyoshonwa vikiwa ndani nje, kisha vinalowekwa na kugeuzwa, ili mshono ujifiche. Soli ilikuwa tabaka moja la ngozi. Kwenye nyasi zenye umande viliteleza, na kwenye mawe viliumiza, lakini Solvej aliyapenda hata hayo maumivu, kwa sababu yalimwambia alipo. Alikuwa akisema kwamba Ravna ana macho manne, mawili usoni na mawili chini.

Adui yake mkubwa alikuwa Torkild, seremala wa mji wa Skørping, mlinzi wa lango la ngome. Mtu mnene, mpole, mwenye masikio ambayo watu waliyatungia hadithi. Kwa miaka mingi alimkamata Solvej mara kumi na moja, na Solvej akampita mara tisa.

"Karibu, mama Ravna," alikuwa akimwambia, mkono umeshanyooka. "Umekanyaga koni ya msonobari hatua ishirini nyuma. Nilikuwa nakungoja tu umalizie safari."

"Mwongo mkubwa. Umenusa."

"Nimekunusa pia. Umekula kitunguu."

Nao walikuwa wakicheka huku Solvej amefungwa mikono. Kukamatwa na Torkild hakukumtia aibu. Mwaka jana hesabu ikawa kumi na moja kwa kumi: Solvej alimpita mchana kweupe, akachukua ufunguo wa hazina, na genge zima likambeba juujuu. Siku ile aliihesabu kuwa bora kuliko siku ya harusi yake.

Kisha ikaja Machi. Alikuwa akivua soksi jioni akaona damu, na ndani ya kiatu akakuta pini ya kufungia mashuka. Alikuwa ameikanyaga tangu asubuhi.

Muuguzi wa miguu alikuwa mwanamke mchanga mwenye sauti ya chini. Alimlaza Solvej kitandani, akamwambia afumbe macho, na kila atakapoguswa aseme. Aligusa kwa uzi mwembamba wa nailoni. Solvej alilala akisubiri. Alisikia saa ya ukutani, alisikia gari likirudi nyuma huko nje, akafikiri muuguzi bado anajiandaa.

"Unaweza kufumbua," muuguzi alisema. "Nimemaliza."

Ilikuwa kisukari. Hakujua kwamba anacho, na mishipa ya fahamu ya nyayo ilikuwa imekwisha kuliwa.

"Ilianza lini? Kujikwaa, kuburuza mguu, kuhisi kama umevaa soksi wakati hujavaa?"

"Mwezi huu," Solvej alijibu, na alikuwa akisema kweli kwa kadiri alivyojua.

"Hii si ya mwezi mmoja. Tungeiwahi mapema tungeokoa sehemu. Sasa tunalinda kilichobaki." Akamwandikia viatu: soli nene ngumu, vipana mbele, vya kukumbatia kifundo. Asitembee pekupeku hata chumbani. Asivae soli nyembamba tena kamwe. Kila siku avue na kukagua kwa macho, maana miguu haitamwambia kitu.

Ndipo yeye aliyewachagulia viatu watu wote akaanza kujitafutia vyake. Akivaa vya kushona angeweza kuumia bila kujua na kukatwa mguu. Akivaa vya hospitali, vyeupe, vizito, Ravna amekwisha. Kati ya hivyo viwili ilibidi kuwe na kitu, na alikitafuta tangu Aprili mpaka Julai. Alijaribu viatu vya wapanda milima, lakini vililia kwenye changarawe. Alijaribu vya wacheza dansi, na muuguzi akavikataa kabla havijatoka mfukoni. Mwishowe alivirudia vile vya hospitali. Akavipaka rangi ya kahawia mara tatu, na Merete akavishonea ganda la ngozi kuukuu juu, pamoja na vitambaa vya sufu vya kuzungushia mguu mpaka gotini, hata jicho lisijue kilichomo. Chini ya soli walibandika sufu nzito kwa gundi.

"Tembea," Merete alisema, amekaa sakafuni jikoni amefumba macho.

Solvej alitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Mimi sijasikia kitu."

"Wewe husikii hata birika likichemka."

"Basi nimesema sijasikia, unataka nikuimbie?" Merete alifumbua macho, na Solvej akaona kwamba yamelowa. Alidhani ni vumbi la ngozi.

Agosti hiyo mvua ilinyesha siku mbili za kwanza za mchezo. Asubuhi ya tatu ikaamka na ukungu, na genge lilihitaji barua iliyotundikwa nyuma ya lango la ngome. Solvej alikunywa kahawa, akala kipande cha mkate mweusi kilichopakwa ini la kusagwa, akakagua nyayo zake kwa kioo kidogo, akaenda peke yake.

Hatua thelathini za mwanzo zilimwambia kila kitu. Sufu ilikuwa imenyonya umande. Kila alipokanyaga ilitoa maji, na kila alipoinua mguu ilivuta hewa, chwa, chwa, kama ng'ombe anayetoka bwawani. Tena ilikuwa imebeba mchanga, ukawa unasaga. Angekuwa mtu mwingine amemletea viatu hivyo mezani, asingevitikisa hata mara moja.

Torkild alikuwa amekaa kwenye gogo, amempa mgongo, anachonga mwiko. Solvej alifikiri kurudi. Halafu akafikiri kwamba akikamatwa atakamatwa kihalali, na akaendelea. Kati yake na barua kulikuwa na njia ya mbao, hatua saba.

Chwa. Kisu cha Torkild kikasimama.

Solvej naye akasimama, akisubiri mkono unyooke. Haukunyooka. Akapiga hatua ya pili, ya tatu. Mgongo mpana ule ulikaa kimya, shingo imekakamaa kama ya mtu anayepigwa picha. Alipofika upande wa pili, kisu kikaanza tena kuchonga, upesi upesi, kwa kelele.

Alichukua barua. Aliishika, na haikumpa furaha yoyote. Akarudi kwa njia ile ile, akazunguka gogo, akasimama mbele yake.

"Umenisikia," alisema.

Torkild aliinua macho, akajifanya ameshtuka. "Aa! Ravna! Umetokea wapi wewe shetani? Umenipita tena, kumbe?"

"Torkild. Kisu chako kilisimama."

"Kilikwama kwenye fundo."

"Usinidanganye humu. Huko nje nidanganye unavyotaka, lakini si humu."

Mwiko ulikuwa mapajani pake, na aliutazama huo. "Merete alituambia," alisema baadaye. "Hali yako. Alilia, dada yangu. Tukasema, jamani, mwanamke wa watu amefanya kazi kubwa na viatu vyake, nani atakufa Ravna akipita?"

"Mlikaa mkakubaliana."

"Tulikubaliana kwa upendo."

Solvej alishika tawi la karibu, maana bila kuona chini hakuwa na hakika amesimama vipi. Kuna jambo lilikuwa limeanza kumjia, akalifuata kwa uangalifu, kama alivyozoea kufuata njia.

"Na mwaka jana?"

Torkild alipangusa vibanzi vya mbao mapajani.

"Mwaka jana Merete hakuwa na la kukuambia. Nilikuwa mzima."

"Hukuwa mzima," alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unaburuza wa kushoto. Nilikusikia tangu kwenye mteremko. Si mimi peke yangu, walinzi wote watatu. Tukadhani umechoka, umri umeingia. Nikasema moyoni, akamatwe leo ajione mzee? Nikakuacha."

Ndege mmoja aliita ndani ya ukungu. Solvej alikuwa akihesabu: Agosti, Septemba, mpaka Machi. Miezi saba. Watu watatu wenye masikio mazuri walikuwa wamesikia miguu yake ikifa, wakamwonea huruma, na yeye akabebwa juujuu.

"Ungesema," alimwambia. "Neno moja tu. Ningekwenda nyumbani nikajiuliza, mbona Ravna anaburuza mguu? Mimi ningejiuliza, Torkild. Mimi ndiye mtu wa kujiuliza hilo. Ningekwenda hospitali."

Torkild alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtiririka kwenye ndevu, na Solvej hakumfuta wala hakumkaripia tena. Alirudi hatua mbili, chwa, chwa, akasimama kwenye mbao.

"Haya. Fanya kazi yako."

"Solvej, tafadhali."

"Mimi ni mwizi, nimeingia kwenye ngome yako na viatu vinavyopiga kelele. Fanya kazi yako."

Torkild aliweka kisu na mwiko kando. Kisha aliunyoosha mkono, akayasema maneno yenyewe kwa sauti iliyopasuka. Solvej alimrudishia barua, akatoa mikono. Torkild alimfunga legelege kama anayefunga zawadi.

"Kaza," Solvej alisema. Akakaza.

Kwenye ua wa ngome watu walikuwa wanapakua uji. Walipoona Ravna amefungwa wawili watatu walipiga makofi, halafu wakaona sura za Solvej na Torkild, wakaacha. Solvej aliomba gogo la kukalia. Torkild alimfungua kamba, naye akafungua vitambaa vya sufu mzunguko mmoja baada ya mwingine, akavua viatu, akavua soksi, kwa sababu ulikuwa muda wa kukagua na Ravna hakuwa na kazi tena. Alichunguza vidole, katikati ya vidole, wayo wa kulia, wayo wa kushoto. Kioo alikuwa amekiacha kambini.

"Nitazamie nyuma ya kisigino," alisema. "Mimi sifiki."

Torkild alipiga magoti kwenye matope, akaupokea mguu wake mikononi. Aliugeuza kuelekea mwanga.

"Kuna nini?"

"Si kitu, pamebadilika rangi tu ki..." Akajikatiza. Akainama zaidi, akapanguza mchanga kwa ncha ya shati. "Pamechubuka. Ngozi imetoka."

"Ukubwa gani?"

Aliweka kidole gumba chake karibu na jeraha bila kuligusa, akapima.

"Kama ukucha wangu," alisema. "Pamezidi kidogo. Na ndani ni pekundu."