Kamera ya gemu kukaa vibaya ni makusudi au ufundi mbovu? Kilichotukuta Kilole mpaka shikamoo ikakosa mwenyewe

Wakuu, sogeza kiti unisikilize.

Kisa hiki kimetokea kwangu, nimekiona kwa macho yangu, na chumvi nimeiacha jikoni. Ambao hamjawahi kushika pedi ya gemu, kile kidude cha kuchezea, msikimbie. Nitaeleza taratibu na mtaelewa.

Nina chumba cha gemu hapa Kilole, Korogwe. Kwetu hasa ni Sindeni kule Handeni, huku nimefuata riziki.

Mlango wa pili yupo Mama Zuhura, anauza chai na maandazi. Ana benchi lenye mguu mmoja mfupi, ukikaa linayumba. Hilo benchi mlikumbuke, nitalirudia.

Jirani mwingine ni Hoza, fundi simu. Yeye Msambaa, mimi Mzigua, kwa hiyo utani kati yetu haulali. Kanizidi umri kidogo, si kiasi cha shikamoo. Lakini shikamoo yangu anaidai tangu tufahamiane, na mimi kila asubuhi namwambia, "Mambo, kaka." Inamuuma mpaka mishipa ya shingo unaiona.

Hoza ndiye aliyeniunganishia mashine nilipofungua chumba. Gemu moja lilikuja na maandishi ya Kijapani mwanzo mwisho. Kila lilipouliza swali, Hoza alibonyeza ndiyo. Alijuaje kwamba ile ni ndiyo, Mungu anajua.

Gemu lenyewe ni la zamani, la kutisha. Kuna dada amefungiwa kwenye jumba bovu anatafuta pa kutokea, na humo ndani kuna zimwi.

Sasa shida zake zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kamera. Ninaposema kamera namaanisha jicho ambalo mchezaji anaonea. Kwenye magemu mengi ya siku hizi linamfuata mtu wako mgongoni. Kwenye hili limeganda kwenye kona ya dari kama popo. Dada akivuka mlango, picha inaruka kwenda kona nyingine. Mara unamwona uso, mara kisogo, mara miguu tu. Zimwi unalisikia linakohoa na hujui liko wapi.

Ya pili ni uendeshaji. Ukisukuma kulia, dada anakwenda kushoto. Ukisukuma mbele, anarudi nyuma.

Wateja walizoea. Mgeni akija anaambiwa, "Hapa kulia ni kushoto, karibu sana." Bodaboda mmoja alilalamika kwamba akitoka kwangu, kona ya kwanza barabarani hana uhakika nayo.

Mimi nikawa nafundisha watu kwamba yote yale ni makusudi. Waliotengeneza walitaka uchanganyikiwe, kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaogopa vizuri zaidi.

Hoza hakukubali hata kidogo.

"Mimi siogopi, nakereka," alisema. "Mtu akikuuzia viatu vyote viwili vya kulia, utasema alitaka utembee kwa tafakari?"

"Kaka, nyie mmezoea milima. Mkikutana na sakafu bapa mnapotea."

"Na nyie wa Handeni bomba likikauka mnasema fundi alikusudia."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, maana ile ilinipata.

Ubishi ukawa wa kila siku, chai zinapoa, wateja wa Mama Zuhura hawaondoki. Mwishowe yeye mwenyewe akachoka.

"Mkibishana, wekeaneni kitu kinachouma," alisema. "Atakayeshindwa ampe mwenzake shikamoo. Kila asubuhi, hapa mbele ya watu, mpaka mvua za masika ziishe."

Hoza alitabasamu kama mtu aliyeletewa mahari. Masika yenyewe yalikuwa hayajaanza.

Swali likabaki, tutajuaje? Waliotengeneza gemu wako mbali na Kijapani hatukijui.

Nikasema tulimalize kwanza, maana hakuna aliyewahi kufika mwisho. Tukaanza kupokezana pedi, mimi na Hoza na wateja, kila mtu na kipande chake. Hoza alicheza huku anatukana. Siku tuliyomtoa yule dada nje ya jumba, Mama Zuhura aliacha maandazi kwenye mafuta akaja kushuhudia.

Tuliporudi ukurasa wa kwanza, tukakuta kitu kipya kimejitokeza. Kapicha kadogo ka kamera. Zawadi ya kumaliza.

Nikakabonyeza, gemu likaanza upya. Safari hii kamera ilikuwa mgongoni mwa dada, imetulia, inamfuata kila anakokwenda. Kila kitu kinaonekana.

Wakuu, lile zimwi lililotutoa jasho tuliliona mwisho wa ukumbi, limesimama peke yake kama abiria wa Segera aliyeachwa na basi. Tukalizunguka tukapita. Mteja mmoja akalipungia mkono. Hofu yote ilikwisha, na dakika chache tu chumba kizima kikaanza kupiga miayo.

"Umeona, kaka?" nikamwambia Hoza. "Kamera nzuri walikuwa nayo. Wakatufichia makusudi."

Nani kati yenu amewahi kupita katikati ya shamba la mkonge akasikia nyayo za mtu mstari wa pili? Ukimwona ni jirani yako tu anatafuta mbuzi. Kabla hujamwona, ni kila kitu unachokiogopa. Kamera ile ya darini ilikuwa mkonge wetu.

Hoza akasema, "Kamera nimekubali. Na hii kulia kushoto nayo? Mbona zawadi haijainyoosha?"

Kweli, dada alikuwa bado anakwenda kinyume.

Akatoa simu yake, aliyoiwekea siku chache nyuma programu ya kupiga picha maandishi na kuyatafsiri. Akaingia kwenye setingi za gemu, akaielekeza simu kwenye skrini mstari kwa mstari. Sauti. Mwanga. Mtetemo. Alipofika mstari wa nne akasimama.

Akasoma kwa sauti, "Geuza mielekeo kinyume: ndiyo."

Akabonyeza hapana. Akasukuma kulia. Dada akaenda kulia.

Hoza aliruka juu akashika kichwa. "Nilisema mimi. Hakuna mtu mwenye akili zake angefanya hivi makusudi. Shikamoo yangu iko wapi?"

Tulikuwa tunamwangalia.

Mama Zuhura ndiye aliyesema, taratibu kabisa. "Baba, siku ile ya kuunganisha, nani alikuwa anabonyeza ndiyo?"

Hoza akaanza kuifuta skrini ya simu yake kwa shati. Muda wote ule alikuwa anamtukana fundi aliyevuruga uendeshaji, na fundi ni yeye.

Basi hukumu ikawa ngumu. Kwenye kamera nilishinda mimi. Kwenye uendeshaji alishinda yeye, japo alijishinda mwenyewe. Mama Zuhura akasema kila mmoja anamdai mwenzake, na kila mmoja atalipa.

Kesho yake asubuhi tulisimama mbele ya benchi, watu wamejaa. Tukasema kwa pamoja, "Shikamoo."

Kila mmoja anasubiri mwenzake aitikie, na wote tulishaamkia.

"Marahaba, wanangu," akaitikia Mama Zuhura, akaendelea kumimina chai.

Tangu siku hiyo shikamoo zote mbili anazipokea yeye, na masika bado yanaendelea.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kujua kama ugumu wa kitu umekusudiwa, uondoe, halafu angalia kinachopotea. Tulipoondoa kamera ya darini, hofu ilipotea, maana yake ilikuwa na kazi. Tulipoondoa ule ukinyume, yalipotea matusi tu.

Msininukuu kwamba kila kamera mbaya ni ya makusudi. Mashine za zamani zilikuwa na nguvu kidogo. Inawezekana waliigandisha darini kwa shida tu, wakaona shida yenyewe inatisha, wakaiacha.

Ni kama lile benchi. Sidhani Mama Zuhura alilinunua likiwa bovu. Ila Hoza aliwahi kuuwekea ule mguu mfupi wa benchi kipande cha mbao, watu wakakaa wametulia hawaondoki, wateja wapya wakakosa pa kukaa, na kesho yake kipande hakikuwepo. Tulipomuuliza Mama Zuhura, alisema mchwa wamekula. Mchwa wa usiku mmoja.

Karibuni mtoe yenu. Na wewe unayetaka kuandika hapa chini kwamba gemu lako ni bovu, anza hivi: fungua setingi, tafuta palipoandikwa kinyume, pazime, kisha rudia chumba kilekile kilichokushinda.