Uso wa Mwalimu Ekisa Barabarani

Nikisimulia haya nacheka, lakini nacheka nimeinamisha uso, maana siku ile nilimfanya marehemu mtu aliye hai, tena mwalimu wangu, tena mbele ya soko zima la Amukura.

Mwalimu Ekisa alifundisha falsafa chuoni mpaka akastaafu, na somo lake lililotutisha zaidi lilikuwa hili: mtu hafi pumzi inapokatika, hufa wenzake wanapokubaliana kwamba amekufa. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na mkewe, Mama Atyang, alinionya kwenye simu, "Njoo umsalimie, lakini usimletee mambo ya kumshtua." Nikaamua kumpelekea picha yake, iliyochorwa na Dada Naliaka wa Malaba, ambaye huchora vitu kama vinavyokuja ndotoni. Alimchora Mwalimu amefumba macho, na kwenye paji la uso akamtia mlango ulio wazi, na ndani ya mlango safu ya watu wadogo kama sisimizi, kila mmoja ameshika tawi.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Sijui. Walikuja wenyewe," akasema, akiosha brashi.

Rangi ilikuwa bado mbichi (na shati langu lilikuwa jeupe, jipya, la kujionyesha), kwa hiyo nikamwambia mwendesha bodaboda aifunge mbele, juu ya taa, uso utazame barabara. Akazima redio, akaifunga polepole kwa mikono miwili, asiniulize kitu. Kwetu kila mtu anajua ni picha ya nani hutangulia mbele ya chombo: ya anayesindikizwa kuzikwa. Hata mimi nilijua, lakini kichwa kilikuwa kimejaa sanaa.

Kwenye foleni ya malori madereva wakavua kofia, nikawapungia mkono (jamani, niliwapungia mkono!), nikidhani hatimaye watu wa mpakani wameanza kupenda uchoraji. Nyuma yetu zikaja bodaboda tatu, kisha kumi, matawi ya msiba kwenye usukani, honi zikilia bila kupumzika. Amukura, mama muuza mboga akaiona picha, akaangusha beseni.

"Uuwi! Mwalimu ametuacha!"

Hapo ndipo nilipoelewa. "Simama! Yuko hai!" nikapiga kelele, na mwendeshaji, bila kugeuka, akanijibu, "Lia tu, boss. Usijizuie."

Tulipofika kwake, Mwalimu alikuwa ameketi nje akinywa uji, mlango wazi nyuma yake. Watu waliotufuata waliingia uani kwa safu, kila mmoja na tawi lake. Mama Atyang akatoka, akaitazama picha, akamtazama mumewe, akapiga yowe. Honi zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mwalimu akaweka kikombe chini na mkono kifuani, nami nikazihesabu pumzi zake kama mwenye kuziomba.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akamnyooshea mkono wa salamu yule muuza mboga, aliyekuwa amekuja na msafara, naye akaficha wake nyuma. Mwalimu akawaangalia wale wadogo pichani, kisha hawa wa uani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wamekubaliana."

Yu hai hadi leo. Picha imegeuzwa ukutani, na sokoni bado wanamwekea mboga mezani, hawampi mkononi. Mimi nimeapa kutobeba tena uso wa aliye hai ukitazama barabara, hata shati lilowe rangi lote. Na kila asubuhi nampigia simu, na akishapokea namwambia, "Mwalimu, mimi bado sijakubali."