Bei ya Kwanza ya Mashine

Senah, muuza vitambaa wa soko la Kota Bharu, hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake. Ukimtajia bei, anacheka kwanza, ndipo mazungumzo yanaanza. Nani asingejivunia mwanamke kama huyo?

Ila hela za safari alizishika marehemu mumewe. Walipovuka mpaka kwenda Hat Yai kununua mali, Senah alichagua, mume akalipa. Eda ilipokwisha, wanawe wakaamua aende safari moja na kadi yake mwenyewe ya benki, tena afuatane na shangazi yao Jarah. Akiboronga, ununuzi watauchukua wao, yeye abaki kukaa dukani. Alifunga kilemba akaenda.

Huko Hat Yai, kwenye mashine ya pesa, aliomba fungu lote kwa mkupuo, maana ada ni ile ile utoe kidogo au kingi. Mara kioo kikauliza: akubali kukatwa kwa ringgit, kwa bei hii hapa ya kubadilishia, au akatae?

"Kubali, wifi," Jarah akasema. "Ringgit si ndiyo hela ya kwetu?"

"Bei kaipanga nani?"

"Mashine, nani tena?"

"Basi hiyo ni bei ya muuzaji. Ya benki yangu huenda ni nafuu."

"Hebu acha mambo ya sokoni. Ukikataa itakunyima hela, na kadi itaimeza. Watoto nitawaambia nini?"

"Waambie mama yao kasusa."

Akabonyeza kataa. Mashine ikanyamaza. Foleni nyuma ikaanza kukohoa, Senah hakubanduka. Ndipo noti za baht, hela ya huko, zikatoka, zote.

"Bahati tu hiyo," Jarah akanung'unika. Naye akatoa kiasi hicho hicho, akabonyeza kubali.

Waliporudi nyumbani, Rosdi, kifungua mimba, alizichukua simu zao mbili akalinganisha makato ya benki. Shangazi alikuwa amekatwa ringgit hamsini zaidi. Akaangalia tena, kisha akamrudishia mama yake simu kwa mikono miwili.

"Jamani, kumlinda huyu msinitume tena," Jarah akasema. "Ni hasara."

Rosdi akamgeukia Senah. "Mama, safari ijayo tunakwenda lini?"

"Nakwenda," Senah akamsahihisha, huku akikunjua vitambaa vyake. "Nikipenda."