Rangi ya Dang'a

Mama mkwe wangu alishatutoroka mara mbili. Zote mbili tulikuwa tumemleta kwetu hapa Karatu, tumempa chumba, kitanda na blanketi jipya, na zote mbili alivizia mume wangu ameondoka na watalii na mimi niko sokoni, akajitanda shuka zake akaenda kutafuta gari la kumrudisha kwake Nainokanoka, kule milimani. Sababu aliyoitoa ilikuwa moja: chumba kilikuwa cheupe. "Nikifungua macho," alisema, "najua nimelazwa."

Sitaki kudanganya, niliudhika. Ile nyeupe niliichagua mwenyewe. Lakini safari ya tatu haikuwa ya mchezo. Yeyo, ndivyo tunavyomwita, yaani mama kwa Kimaasai, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na juu yake presha. Kule juu alikuwa anaishi peke yake na ng'ombe wake, na tayari alishaungua mkono kwa moto ambao hakuuona. "Safari hii akitoroka," mume wangu aliniambia, "tutaitwa kuzika." Hakuwa anatania.

Basi akampigia simu kumbembeleza, na mimi nimekaa pembeni nasikiliza. Yeyo akasema atakuja, na atakaa, ila chumba kipakwe njano.

"Njano gani, Yeyo?"

"Ya dang'a," akasema, mtandao ukakata.

Mume wangu akaruka kwa furaha. "Njano ni njano," akasema. Wanaume!

Dang'a si kitu cha kubahatisha. Ni yale maziwa mazito ya kwanza, ng'ombe akishazaa. Mimi ni Mwiraqw, nimekulia kijijini Daa. Kwetu ni wakulima lakini zizi halikosekani, kwa hiyo naijua. Ya asubuhi ya kwanza inakaribia kiini cha yai, ya kesho yake imeshapoa, ukichelewa ni maziwa tu. Yeye alitaka ipi? Nikampigia tena kumuuliza. Na yeye akaniuliza, "Ya ng'ombe aliyekula majani ya wapi?" Nikashika kichwa.

Bahati nzuri ng'ombe wa jirani akazaa wiki hiyohiyo. Nikaomba kikombe kimoja tu. Jirani akanung'unika kwamba hiyo ni haki ya ndama, lakini akanipa. Nikakiweka mezani, nikakifunika kwa sahani, nikaenda kuoga ili nikipeleke dukani wanilinganishie. Natoka bafuni, kikombe kitupu, sufuria iko jikoni, na mume wangu analamba kijiko. Dang'a ukiichemsha huganda kama mayai ya kuvuruga, na yule bwana alikuwa hajaionja tangu alipoacha kuchunga.

"Umekula rangi ya mama yako!" nilimpigia kelele.

"Kumbe ilikuwa rangi?" akasema. "Sasa mimi ningejuaje?"

Kwa jirani sikuthubutu kurudi. Nikaenda dukani mikono mitupu, nimevimba kwa hasira. Muuzaji ni mtu wa mjini kabisa, miwani ya jua ameipandisha kichwani hata akiwa ndani ya duka. Nikamwambia nataka emalshen ya kupaka ukutani, rangi ya dang'a. Akanitazama juu mpaka chini.

"Danga?" akasema. "Mama, madanga yapo ya kila rangi. La kwako ni jeusi au maji ya kunde?"

Jamani! Kwa vijana wa siku hizi danga ni mwanaume mwenye hela, wa kuchunwa. Akina mama wawili waliokuja kununua misumari wakaangua kicheko wakashikana mabega. Nikamweleza huyo muuzaji kwamba mimi nina ndoa ya kanisani, na kwamba nazungumzia maziwa.

"Maziwa ni meupe, mama," akanijibu kwa upole, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Tukaanza kuchanganya. Anatia tone, anakoroga, anapaka kwenye kipande cha boksi, naikataa. Hii ni bizari. Hii ni basi la shule. Hii imefanana na mtu mwenye homa ya manjano. Akanitolea kadi ya rangi, akaniwekea kidole kwenye moja aliyoiita sanset, eti loji zote zinaipenda. Nikamwambia atakayelala humo si mtalii. Mwisho ikatoka moja laini, nzito, ina mafutamafuta. Ndiyo hiyohiyo! Nikabeba ndoo yangu.

Hakuniambia kwamba ikikauka inakolea. Fundi alipaka mchana. Naingia jioni, chumba kizima ni dumu la mafuta ya kula. Nikakaa sakafuni nikalia kweli, maana kesho yake Yeyo anafika na hakukuwa na muda wa kupaka upya.

Akafika, mume wangu amemshika mkono. Akaupapasa ukuta, akausogelea mpaka pua ikagusa. "Ni yenyewe," akasema. Mume wangu akanikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo kwao halifanywi kabisa. Mimi nilijua kwamba pale alikuwa anaona ukungu tu. 

Hospitalini wakamfanyia upasuaji wa jicho moja kwanza. Bandeji ilipotolewa tukamrudisha nyumbani. Akaingia chumbani. Akatazama kuta zote, taratibu, kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Yeyo."

"Hii ni dang'a ya ng'ombe mgonjwa."

Akageuka akautazama mlango. Mume wangu alikuwa amesimama palepale mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Yeyo akamwangalia mwanawe sana, kwa lile jicho jipya. Kisha akaketi kitandani, akavua makubazi yake, akayasukuma chini ya kitanda.

"Siondoki hapa," akasema, "mpaka mpake ile niliyowaambia."

Mwaka wa pili sasa. Fundi akinipigia kuuliza aje lini kupaka upya, namjibu kwamba bado tunaitafuta hiyo rangi. Na Yeyo akinisikia, anapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Mwambie asiwe na haraka!"